Nafasi Ilikuwa Moja Tu

Kiwandani walimwita Umeme, na hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati. Mikono yake ilikwenda mbio hata ukisimama nyuma yake ungedhani kola zinajipitisha zenyewe chini ya sindano. Msimamizi wa laini akileta wageni lazima awapitishe kwake. "Huyu ndiye Umeme wetu," angesema, "na huyu hakatiki." Wageni wangecheka, naye angecheka, mikono isisimame.

Cherehani ya pembeni yake ilikuwa ya mwanamke mrefu, mpole, aliyeshona mikono ya mashati. Walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka mingi, Umeme akazoea kumwita Jirani, na kiwanda kizima kikafuata. Jirani alikuwa na sauti ndogo. Mashine zikinguruma ilibidi umtazame midomo ndipo umwelewe, na Umeme alikuwa ameisoma midomo hiyo mpaka amehitimu. Walijuana mpaka ndani ya vyungu. Mume wa Jirani alipofariki, mwaka uliotangulia mambo haya, Umeme ndiye aliyelala naye chumba kimoja mpaka matanga yakaisha. Na Jirani aliporudi kazini mapema kuliko watu walivyotarajia, wengine wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Umeme aliwajibu, "Jiwe mnalijua ninyi? Mwacheni mtu ashone."

Maumivu ya Umeme yalianza shingoni. Mwanzo yalikuwa kama mkazo wa mtu aliyelala vibaya. Kisha yakateremka begani, yakashika mkono wa kulia mpaka vidoleni, na humo yakaweka makao. Asubuhi yalikuwa moto, mchana ganzi, usiku moto tena. Alikwenda hospitali, akapigwa picha. Daktari aliiinua picha kwenye taa akasema mifupa iko sawa, hana kitu. Akapewa vidonge, na vilipokwisha akapewa vingine vya aina ileile.

"Huna kitu," alimwambia mumewe, fundi wa majokofu, aliporudi. "Ndivyo alivyosema daktari."

"Ungekuwa na kitu tungejua pa kukishika," mumewe akasema. Alitaka kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alitikisa kichwa. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Mgongo huu unaouona uliharibiwa na huyu mumeo. Alikataa kushuka mpaka ameota meno ya pili. Na mimi daktari aliniambia sina kitu." Kisha akachukua beseni la nguo chafu na kwenda kuzifua mwenyewe, pamoja na mgongo wake huo.

Umeme alijikaza kisabuni. Alijifunza kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto na kuukunja ule wa kulia ubavuni pale msimamizi anapogeuka. Alijifunza kucheka huku ameuma meno. Jambo la kwanza kumshinda halikuwa la kiwandani. Asubuhi moja alimketisha bintiye mdogo katikati ya magoti amsuke kabla ya shule, mkono ukapanda mpaka usawa wa kifua, ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Mtoto aligeuka akidhani mama anamtania, akaanza kucheka, kisha akaona uso wa mama yake na kicheko kikamkauka. Alikwenda shule nywele zimefungwa kitambaa.

Siku hiyo mumewe alisema, "Mama watoto, nenda kwenye kile chumba chenu."

Chumba chenyewe kilikuwa kando ya stoo ya marobota ya vitambaa. Wanunuzi wa mashati, huko yanakouzwa, walikuwa wameanza kuuliza wafanyakazi wanatunzwaje. Kampuni ikaajiri afisa ustawi, ikampa meza, viti viwili na pazia la kijani. Wafanyakazi walitangaziwa kwamba bima yao sasa italipia mazoezi ya viungo, kwamba mshauri atakuja kila wiki kuzungumza na mwenye jambo moyoni, na kwamba anayeumwa kwa muda mrefu ataweza kubadilishiwa kazi asiache ajira. Yalikuwa maneno mazuri. Kwa bahati mbaya mlango wa chumba ulitazamana na laini zote za mashine, kwa hiyo anayeingia anaonekana na watu wote, na anayetoka anasomwa uso. Walikiita chumba cha kulilia. Wengi waliamini kwamba ukiingia humo unga wako umemwagika: leo unaeleza unavyoumwa, kesho unaambiwa ukapumzike nyumbani moja kwa moja.

Umeme alivuka sakafu ile macho yote yakiwa mgongoni mwake. Afisa ustawi alikuwa binti wa miwani mikubwa, mwenye maneno ya haraka haraka, na alifurahi kupata mgeni hata akaangusha kikombe. Alimsikiliza mpaka mwisho. Wiki ile ile akamkutanisha na mshauri, mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi. Naye hakumuuliza habari za picha. Alimuuliza analalaje, anabebaje mtoto, anaogopa nini.

"Lakini picha haikuonyesha kitu," Umeme alisema, kama mtu anayejishitaki.

"Picha haioni kila kitu, dada. Mimi nakuamini kwamba unaumwa."

Basi. Ndivyo alivyosema tu, na Umeme, ambaye hakuwa amelia siku zote hizo, alilia mpaka kamasi.

Mambo yakaanza kwenda. Alipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, akafundishwa kunyoosha shingo na kupumzisha bega. Mshauri akashauri aondolewe kwenye cherehani. Afisa ustawi akamchukua Umeme, wakaenda kumkabili msimamizi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa oda, na oda haikumpa usingizi. Alikuna kichwa. Kwenye meza ya ukaguzi, mahali mashati yanapotazamwa kabla ya kukunjwa, mtu anaweza kukaa au kusimama apendavyo, na mkono haukimbizwi.

"Nitafungua nafasi pale," alisema hatimaye. "Ila nafasi ni moja. Mbele yako na mbele ya huyu binti nasema: moja tu. Laini yangu siwezi kuivunjavunja."

Umeme akahamia meza ya ukaguzi. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni, wakamtania kwamba umeme umekatika, lakini unga wake haukumwagika. Baada ya muda alianza kulala. Maumivu hayakwisha, bali yalirudi nyuma hatua kadhaa, kama mbwa aliyekemewa. Nyumbani mama mkwe alimsikia akiimba jikoni akasema, "Tumerudishiwa mtu wetu."

Lakini kola lazima zishonwe. Aliyewekwa mahali pake alikuwa mwanagenzi, mikono mizito, na laini ikaanza kuchechemea. Msimamizi akamwendea Jirani. "Wewe umekaa na Umeme miaka yote, kola unazijua. Msaidie huyu kwa muda. Shona mikono yako, na kola zikijaa uzipunguze." Jirani akaitikia kwa kichwa. Kila alipoongezwa jambo aliitikia kwa kichwa.

Umeme aliona yote kutoka mezani kwake, na aliyaona kwa njia ambayo hakuitarajia, maana mashati ya laini yao yalipita mikononi mwake. Kwanza ilikuwa mishono iliyoyumba. Kisha likaja shati ambalo mkono wa kushoto umeshonwa kulia. Likaja jingine. Jirani hakuwa mtu wa kukosea. Sheria ilitaka shati bovu liwekwe alama na kurudishwa kwa aliyelishona, na mwenye mabovu mengi aitwe mbele ya msimamizi. Umeme alitazama huku na huku, akaliteremsha shati magotini, akaanza kulifumua chini ya meza kwa kiwembe. Akalishona upya kwa mkono. Siku iliyofuata yalikuwa matatu. Baadaye akawa anayabeba nyumbani ndani ya mkoba, na bega likaanza kumkumbusha kwamba halijaondoka.

Mchana mmoja alimkuta Jirani chooni. Bomba lilikuwa limefunguliwa mpaka mwisho, maji yanamwagika bure, naye amesimama mbele yake mikono imening'inia.

"Jirani. Una nini?"

"Naosha mikono."

"Mikono mikavu hiyo."

Jirani akaitazama mikono yake kama kitu alichoazimwa. Akazungumza kwa ile sauti yake ndogo, na Umeme akalifunga bomba ili asikie.

"Nikikaa pale namsikia marehemu ananiita. Si usiku, dada. Mchana, mashine zinanguruma, namsikia. Nikigeuka, hayupo. Nikirudi kwenye shati sijui nilifika wapi. Na usingizi umenihama. Nalala macho yametoka kama samaki."

"Twende kwa mshauri. Sasa hivi. Nakushika mkono, wakitazama watazame."

"Nilishakwenda."

"Lini?"

Umeme alimshika mabega, akangoja. Polepole likatoka. Alikuwa amekwenda wakati wa mapumziko ya mchana, wengine wakila. Mshauri alimsikiliza, akasema ni mgonjwa, apewe kazi nyepesi huku akitibiwa, asikae penye kelele na haraka. Afisa ustawi akapeleka neno kwa msimamizi. Msimamizi akasema nafasi ina mtu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Uinuke?" Jirani akajaribu kutabasamu. "Mwili wako ulikuwa ndio kwanza unapona. Nilikuwa nakutazama ukigeuza shingo bila kukunja uso, nikasema, angalau mmoja wetu. Sikulaumu, dada. Nisikilize vizuri: sikulaumu."

Maneno hayo yalimkaa Umeme vibaya kuliko matusi. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba atarudi kwenye kola. Mumewe alikasirika, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umesahau ulivyokuwa? Mtoto alikuwa anaogopa kukugusa!"

"Sijasahau."

"Basi mwache kila mtu abebe wake."

Mama mkwe akaingilia kati. "Mwenye kidonda hafundishwi kuogopa kidole, mwanangu. Anajua anachokifanya." Lakini alisema akitazama sakafu, si kama mtu anayeona jambo jema likija.

Afisa ustawi naye alikataa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, ustawi si kiti cha kupokezana. Nyote wawili mnahitaji. Nimeomba nafasi ya pili juu huko, wamesema tuone kwanza hii ya kwanza inavyokwenda."

"Na mpaka mwone, yeye atakuwa wapi?"

Umeme akamwendea msimamizi mwenyewe, akanyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa chake, akauacha pale huku jasho likimtoka mgongoni.

"Nimepona, bosi. Nirudishe kwenye kola. Nafasi yangu mpe Jirani."

Msimamizi aling'aa uso. Oda mpya ilikuwa kubwa kuliko zote. "Nilijua!" akasema. "Umeme haukatiki." La Jirani alilipokea kwa kusema, "Tutaliangalia."

Jumatatu Umeme alikaa kwenye cherehani yake ya zamani, na mwanagenzi akahamishiwa cherehani ya nyuma yake. Alimtazama Jirani, akamkonyeza, akisubiri aitwe. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Jumanne akaenda kuuliza.

"Ile nafasi niliifungua kwa ajili yako," msimamizi akasema, bila ubaya, kama anayemweleza mtoto hesabu. "Wakaguzi wapo wa kutosha. Umepona, nafasi imefungwa."

"Lakini tulisema Jirani..."

"Wewe ulisema. Mimi nilisema tutaliangalia. Tumeliangalia. Nikimtoa na yeye kwenye mikono, oda nitaishona na nani? Na mke wangu?"

Afisa ustawi alipanda juu kwa wakubwa siku hiyo hiyo. Alishuka macho mekundu nyuma ya miwani. Wakubwa walikuwa wamefurahi sana, alisema. Mpango umefaulu: mfanyakazi aliumwa, akahudumiwa, akapona, akarudi kwenye uzalishaji kwa hiari yake. Wanunuzi wataelezwa. Waliomba Umeme apigwe picha akiwa kwenye mashine, akitabasamu.

"Uliwaambia sijapona?" Umeme aliuliza.

"Niliwaambia. Wakaniuliza: basi alidanganya? Nikisema ulidanganya, mama, hapo unachukuliwa hatua za nidhamu." Binti alishusha sauti. "Nikanyamaza."

Umeme alipigwa picha. Alitabasamu.

Wiki mbili hivi Jirani aliendelea kushona. Hapakuwa tena na mtu mezani wa kumfichia. Mashati yakarudi, akaitwa mbele, akaitwa tena. Umeme alijitahidi kushona kola za mwanagenzi juu ya zake ili Jirani asiongezwe kitu, mpaka vidole vikawa havihisi sindano, na mara moja sindano ikapita kwenye ukucha asijue mpaka alipoona damu kwenye kola nyeupe.

Kisha asubuhi moja, katikati ya kazi, Jirani alizima mashine yake. Alivua aproni, akaikunja kwa uangalifu, kingo kwa kingo, akaiweka juu ya cherehani. Akaondoka. Umeme alidhani anakwenda chooni. Alipoona harudi, akatazama chini: mkoba wa Jirani ulikuwa palepale, viatu vya kuendea nyumbani palepale. Mlinzi wa geti alisema alimsalimia, naye akaitikia vizuri tu, akapita na ndara za kazini.

Umeme na mumewe walimtafuta Jirani baada ya kazi. Walikwenda kwake, kwa dada yake, hospitali, kituo cha polisi. Walimkuta jua likizama, kwenye benchi la kituo cha basi upande ambao si wa kwao, amekaa wima, mikono magotini, mabasi yanasimama na kuondoka.

"Unamngoja nani?" Umeme aliuliza.

"Amesema anakuja," Jirani akajibu. Akasogea kidogo kumpisha Umeme nafasi akae.

Dada yake alimchukua. Jirani hakurudi kazini, wala hakuwa katika hali ya kwenda kuomba ruhusa. Zilipopita siku ambazo kanuni inazitaja, alihesabiwa kuwa ametoroka kazi. Na aliyetoroka kazi hana bima, na asiye na bima hana mshauri, wala daktari wa maradhi ya akili ambaye mshauri alikuwa ameshamtafutia. Umeme alikwenda kumlilia msimamizi. Alimkuta ofisini ameinama juu ya droo, anameza vidonge bila maji, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Bosi, yule ni mgonjwa. Hakutoroka. Ninyi wenyewe mlijua ni mgonjwa."

Msimamizi alifunga droo taratibu. "Sote, Umeme," akasema. "Sote ni wagonjwa humu. Unadhani mimi nimeajiriwa mbinguni?" Kisha akamwomba, kwa sauti ya kawaida kabisa, arudi kwenye laini.

Afisa ustawi aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Alipita kumuaga Umeme, akainama sikioni mwake ili mashine zisimmeze. "Nisamehe, mama. Nilidhani nikiingiza kitu kizuri mahali hapa kitakaa kizuri." Umeme alimwambia aende salama. Chumba hakikupata mtu mwingine. Marobota yalipozidi stooni yakaanza kuwekwa humo, kwanza kwenye kona, halafu kila mahali.

Mkono wa Umeme ulirudi ulikokuwa, ukapita hapo. Sasa mama mkwe ndiye anayemfungia vifungo vya blauzi asubuhi, wala hatanii tena habari za mgongo. Vidonge anavinunua mwenyewe. Mumewe hakuwahi kumwambia "si nilikuambia", na wakati mwingine Umeme anatamani angesema.

Jumapili huenda kumwona Jirani. Analala chumba cha nyuma kwa dada yake, amegeukia ukuta. Siku nyingine humtambua, siku nyingine humwamkia kama mgeni. Jumapili iliyopita alimtambua. Umeme alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia mambo ya kiwandani: mwanagenzi anavyoringa siku hizi, mlinzi alivyokimbizwa na nyuki. Jirani alisikiliza akitazama ukuta. Kisha midomo ikacheza, na Umeme akainama aisome.

"Kesho ni kazi?"

"Kesho ni kazi."

"Basi usichelewe kulala."

Umeme akasema hatachelewa. Dada mtu alimsindikiza mpaka barabarani. Wakasimama pale, kila mmoja akingoja mwenzake aseme neno la kutia moyo, kisha wakaagana. Asubuhi yake Umeme alikuwa kwenye mashine kabla ya kengele, kola zimerundikana mbele yake, na cherehani ya pembeni imekaliwa na msichana mgeni ambaye bado hajampa jina.